Futi za Malkia

Mbeya mjini, pembeni ya soko, mbele ya duka la vitambaa la Bushiri, palikuwa na benchi ambalo halijawahi kukaliwa na mtu asiye na maoni. Kahawa ilikuwa ya Alawi. Bushiri mwenyewe, mzaliwa wa pwani, aliitwa Mkasi na wenzake, maana hata kipande cha uzi kilimuuma kukitupa. Filemoni, aliyewahi kumpikia Mzungu mmoja, ndiye Londoni. Na kijana Isakwisa aliitwa Kasoro, kwa sababu mwaka uliopita alikwenda kuandikwa uaskari akarudishwa: walitaka futi tano na nusu, naye alikuwa kasoro inchi moja. Kesho asubuhi alikuwa anarudi kupimwa tena, kwa mara ya mwisho. Baba yake Lusia, msichana aliyemtaka, alishasema bintiye hatamngoja mlima viazi. Roho ya kijana ilikuwa juu, na kahawa ilimpoa mkononi.

— Kasoro, umerefuka? aliuliza Alawi.

— Wiki nzima nalala chali. Mama anasema inanyoosha mgongo.

— Achana na mgongo, alisema Londoni. Unajua futi ni nini? Kwa Kiingereza ni mguu. Na siyo mguu ya mtu hovyo hovyo. Ni mguu ya mfalme wao. Alikanyaga chini, wakachora.

— Na inchi?

— Dole gumba lake. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, ndiyo maana wakaweka kumi na mbili.

— Yadi naijua mimi, alidakia Bushiri. Mfalme alinyoosha mkono, wakavuta kamba toka puani mpaka ncha ya kidole. Wenzetu walimaliza ugomvi. Sisi tulipokuwa tunapima kitambaa kwa mkono, mteja alikuja na mjomba wake mrefu kuliko wote, nami nikaweka mpimaji mfupi kuliko wote. Siku nzima tunazozana.

— Bwana wangu mimi, alisema Londoni, uzito wake alihesabu kwa mawe. Mawe kumi na tatu.

— Aliyameza?

— Sijui. Lakini alikuwa anakula sana.

Isakwisa hakucheka. Jambo lilikuwa limemwingia kichwani, akaweka kikombe chini.

— Ngoja kwanza. Mfalme si amekufa?

— Mwaka jana, alisema Londoni.

— Na sasa anatawala nani? Si binti yake?

Londoni akainuka polepole.

— Mwanamke, alisema. Mguu mdogo.

— Mguu mdogo, futi ndogo, alisema Alawi.

— Futi ikiwa ndogo, alisema Isakwisa, na sauti ikampanda, mtu yule yule anakuwa na futi nyingi.

— Gwe, wewe Kasoro, alisema Londoni, umerefuka umelala. Unafikiri kwa nini wamechelewa hivi kumvika taji? Walikuwa wanapima upya nchi yote. Barabara, madirisha, majeneza.

— Basi na mlima Kilimanjaro umeongezeka, alisema Alawi.

— Umeongezeka. Mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini nyayo hazifanani.

— Wallahi ni kweli, alisema Bushiri akijipiga paja. Mkono wa mwanamke, pua ya mwanamke, yadi ile ile utaipata wapi? Imepungua. Kasoro, kesho wewe ni askari.

Isakwisa alisimama. Alitembea mbele ya duka huku na huku, shingo kaivuta, na tayari alikuwa anasikia buti zake zikilia mlangoni kwa kina Lusia. Alikuwa na furaha tele, na Alawi akammiminia kahawa bila kuombwa.

Nyuma yao alikuwa amesimama mama mmoja na ndizi zake kichwani, Atuganile wa Ilomba, aliyepita kuulizia vifungo vya gauni la bintiye. Mazungumzo alikuwa ameyasikia yote.

— Ndaga, baba zangu, alisema kwa adabu. Mzee Bushiri, zile yadi nne ulizonikatia juzi, ni za Mfalme au za Malkia?

Alawi akachungulia ndani ya birika. Londoni akakumbuka kukaa. Bushiri alilitazama jora, kisha Isakwisa. Akisema za Mfalme, Kasoro amerudi kuwa Kasoro. Akisema za Malkia, kitambaa kinatoka. Isakwisa alimkodolea macho. Na Bushiri, huyu huyu wa kulilia uzi, akauchukua mkasi.

— Za Malkia, dada yangu. Njoo nikuongezee.

Isakwisa aliuona ule mkono ukivuta jora, akaona ulivyokuwa mzito. Moyo ukamshuka, kisha ukajaa. Hapo akajua kwamba futi haijaguswa na mtu; kilichopungua ni ubahili wa Bushiri tu.

— Weka mkasi, mzee, alisema. Mama, yadi zako ni za Mfalme. Na futi zangu pia.

Alawi aliinamisha birika, likatoa mashapo matupu. Bushiri alivuta utepe wake wa kupimia kutoka shingoni, akamwendea Isakwisa.

— Simama hapo mlangoni basi, mwanangu. Tujue mapema.

Isakwisa alirudi nyuma hatua moja.

— Kesho watanipima wenye futi yao. Leo niache nirudi nyumbani mrefu.