Refa wa Mchezo wa Sentensi Anatuaga

Ifikapo tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, dada yetu mkubwa wa Kitengo cha Lugha atastaafu. Ni wachache wanaomwita kwa jina lake. Kwetu sisi, na kwa maelfu ya watu ambao hawajawahi kumwona, yeye ni Refa.

Aliajiriwa kama mpiga chapa, akapewa chumba kile cha mwisho wa korido, jirani na stoo ya karatasi, chenye feni inayolalamika kuliko watumishi wote. Kompyuta zilipoanza kufundishwa lugha yetu, kazi ikawa kusoma sentensi mojamoja na kuziwekea alama: hii ya furaha, hii ya hasira, hii ya huzuni. Tulisinzia hadi tukagonga meza kwa vipaji vya uso. Ni yeye aliyependekeza kazi igeuzwe mchezo wa simu: watu wawili wasiojuana waoneshwe sentensi moja, na majibu yao yakilingana, wote wapate pointi.

Watu walimiminika. Nasi tukalewa sifa, tukatangaza taji kwa mwenye pointi nyingi. Wachezaji si wajinga. Wakaambizana kujibu furaha kwa kila kitu, wasipishane kamwe. Tangazo la msiba likapata furaha. Malalamiko ya mpangaji aliyekatiwa maji, furaha tele. Meneja akaja juu, akaagiza mchezo ufungwe mwisho wa mwezi. Refa akamjibu kwa adabu kwamba ukifungwa, naye atafungasha virago. Hakuwa akitania. Aliupenda mchezo ule kama mtoto wa kumzaa.

Akaliondoa taji. Wachezaji wakasusa, na chumba kikawa kimya hata tukawa tunapita mlangoni kwa kunyata. Ndipo alipofungua uwanja wa ubishi: waliopishana waelezane sababu, yeye aamue. Sentensi ya kwanza ilikuwa “Haya, nenda.” Dereva mmoja akashikilia kwamba hiyo ni hasira tupu. Muuguzi aliyejibu huzuni akamwambia, kaka yangu, wewe hujawahi kumsindikiza mwanao. Wakabishana mchana kutwa. Wengine wakaja kusikiliza, wakabaki kucheza. Meneja mwenyewe alinaswa akimtetea dereva, na habari ya kufunga mchezo haikusikika tena.

Siku zile zilikuwa tamu jamani. Tulikula chakula cha mchana tumesimama nyuma ya kiti chake, tukisoma ubishi wa watu na kucheka hadi mhasibu akatugongea ukuta. Leo kuna waamuzi wengine na feni imebadilishwa, lakini kicheko kile tunakikosa.

Kwa sheria aliyoiandika mwenyewe, mtumishi haruhusiwi kucheza. Miaka yote hiyo amewatazama watu wakicheza huku akimeza mate. Wiki iliyopita aliuliza, kwa aibu kidogo, kama sheria hiyo inamhusu mstaafu.

Haikuhusu, dada. Asante kwa kutulea. Tunakuombea afya njema na siku nyingi za raha. Cheza hadi utosheke, wala usitarajie upendeleo kutoka kwa waamuzi uliowafundisha mwenyewe.