Kanisa Lililojengwa Juu ya Jiwe Jeupe

Risala ya waumini wa Kigango cha Mtakatifu Ana, Nyakisangi, wilaya ya Butiama, kwa mgeni rasmi, Bwana Felisian Machage, mfadhili, siku ya kuweka jiwe la msingi la kanisa jipya. Msomaji ni katibu wa kigango, Tabitha Robi.

Mgeni rasmi, Bwana Felisian Machage, Baba Paroko, Mwenyekiti wa Kijiji, ndugu waumini na majirani: Tumsifu Yesu Kristo.

KARIBU

Mgeni rasmi, umetoka Musoma asubuhi, ukaiacha lami, ukala vumbi letu mpaka hapa. Tunakushukuru. Ni mara yako ya kwanza kufika mwenyewe, ingawa watu wako tumeshawazoea. Turubai ulilotuma tumelifunga kule chini barabarani, kwenye kiwanja ulichotuchagulia. Utusamehe kwamba hukutukuta huko. Tuliona risala hii uisikie ukiwa ndani ya nyumba inayozungumziwa.

HISTORIA YA KANISA HILI

Lilianza kujengwa mwaka 1954. Fundi alikuwa marehemu Baltazari, mtu wa hapa hapa, aliyejifunza uashi kwa wamisionari. Mawe yalitoka mlimani. Wanaume waliyavingirisha, wanawake wakasomba maji na udongo wa kichuguu wa kuyashikia. Mama Nyamburi, aliyekaa benchi la mbele hapo mbele yako, ni binti yake Baltazari. Alikuwa msichana mdogo, na haya tunayosema ametusimulia yeye.

Mahali padri alipotaka altare palikuwa na mwamba mweupe. Wazee wa kabla ya dini walikuwa wakiombea mvua hapo. Padri akaagiza upasuliwe. Baltazari akapiga siku nzima, nyundo ikaruka tu. Jioni akamwambia padri, "Baba, jiwe hili halitaki. Na hata likivunjika, watu watavifuata vipande vyake. Afadhali Misa ndiyo ilifuate jiwe."

Padri alikaa na neno hilo siku kadhaa, kisha akakubali. Ndiyo maana mlango wetu unautazama mlima na kuipa barabara mgongo, na wageni wengi hudhani fundi alikosea. Hakukosea. Altare ni mwamba wenyewe, umesawazishwa juu tu, na kuta zikajengwa kuuzunguka.

JENGO LENYEWE

Tunaomba uinue macho. Upinde ule juu ya altare ni mawe yaliyochongwa yakabanana yenyewe. Hakuna nondo ndani yake. Madirisha ni membamba kwa nje na mapana kwa ndani, hivyo mwanga unaingia na jua la mchana linabaki nje. Kenchi ni za mvule. Bati tulibadilisha sisi wenyewe baada ya mazao mazuri ya pamba, na sakafu tukaipiga saruji.

Mhandisi wako alituambia ukuta wa kaskazini una ufa, na kwamba nyumba hii itatuangukia. Ufa upo, wala hatuufichi. Baada ya yeye kuondoka, katekista wetu Leonardi aliuziba kwa saruji ili tuone kama unatembea. Masika yote yamepita. Saruji ile haijapasuka, na ukipenda utaipapasa kwa mkono wako kabla hujaondoka.

MAFANIKIO

Tunayo kwaya. Tunao vijana wawili seminarini. Ndoa zetu nyingi, na za wazazi wetu, zimefungwa mbele ya mwamba huu. Mafanikio mengine hayaandikiki.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapa tunaomba uvumilivu wako.

Ulipotuahidi kanisa jipya, bure, lenye minara miwili, tulipiga vigelegele. Hatukukuomba, wazo lilikuwa lako. Mashaka yetu yalianza kidogo kidogo. Kwanza tuliambiwa kanisa jipya halitakaa hapa, litashuka barabarani. Tukauliza kwa nini, tukajibiwa kwamba ni kwa ajili ya magari. Katika kigango hiki hakuna mwenye gari. Halafu tukaambiwa kwamba kanisa hili lazima libomolewe kwanza, na kiwanja kiachwe mikononi mwa mfadhili "kwa maendeleo." Tulipomwuliza Baba Paroko, alisema hajaonyeshwa mkataba wowote. Alionyeshwa picha ya minara tu.

Kisha walikuja watu wako kupima uimara wa kuta. Jenoveva, mama anayefagia kanisa, aliwafungulia mlango akaenda kuteka maji. Aliporudi aliwakuta wamepiga magoti altareni. Alifurahi, akadhani wanasali. Kumbe walikuwa na patasi. Walikuwa wanaumega mwamba, na vipande wanavitia kwenye mifuko. Aliwauliza wanafanya nini, wakamjibu wanapima uimara.

Jenoveva akasema, "Uimara wa ukuta unapimwaga kwenye altare?"

Walifunga mifuko yao, wakaondoka bila kuugusa ukuta hata mmoja.

Mgeni rasmi, sisi ni watu wa Buhemba, kwenye machimbo ya dhahabu. Mtoto wa hapa anaijua mashine ya kusaga mawe kabla hajaijua Baba Yetu, na anajua kwa nini mtu hubeba jiwe jeupe lenye kutu. Hatusemi wewe una nia gani. Tunasema tulichokiona.

Juma lililopita lori lilileta kijiko, ule mtambo wa kubomolea. Hatukuwa tumeambiwa siku. Wengi wetu tulikuwa mashambani. Mama Nyamburi alisikia muungurumo, akaja na fimbo yake, akaingia humu, akakaa. Jenoveva akamfuata, na wanawake wengine wakaja na majembe yao, udongo ukiwa bado miguuni. Walianza rozari. Dereva wa kijiko alisimama mlangoni akawaomba watoke, naye Mama Nyamburi akamwambia, "Mwanangu, baba yangu alishindwa kulivunja jiwe hili kwa amri ya padri. Wewe umetumwa na nani?"

Yule kijana alizima mashine. Alivua kofia, akakaa benchi la nyuma mpaka rozari ilipoisha, kisha akarudisha kijiko kwenye lori. Tunakuomba asifukuzwe kazi. Kesho yake ulituma ujumbe kwamba dereva alikosea siku. Maelezo hayo tumeyapokea. Hatujaweza kuyaamini.

MAOMBI YETU

Ombi la kwanza: jiwe la msingi kule barabarani lisiwekwe leo. Libaki na kitambaa chake.

Ombi la pili: mifuko ile irudi. Vile ni vipande vya altare, hata kama kwako ni kitu kingine.

La tatu ni swali, na tunalileta kwa heshima yote. Je, wewe, au mtu yeyote kwa niaba yako, umeomba leseni ya madini juu ya ardhi hii? Hatuhitaji hotuba. Neno moja linatosha, ndiyo au hapana, na tunaomba ulitamke hapa, mbele ya Baba Paroko na Mwenyekiti.

Kama ni hapana, utakuwa umetusikia tukikudhania vibaya hadharani, nasi tutakuomba msamaha hadharani hivyo hivyo, na hili la minara tutalizungumza upya kwa furaha. Kama ni ndiyo, basi ujue kwamba kuanzia leo nyumba hii haitakuwa tupu. Tumegawana zamu, jumuiya kwa jumuiya, na wapagani wa mlimani wameomba zamu yao.

Chakula kimeiva. Kuna ugali wa mtama na samaki, na mbuzi amechinjwa. Utakula kwetu, jibu lako liwe lolote, kwa sababu umefika ukiwa mgeni na hatujui kumnyima mgeni. Ila hatutapakua kabla hujajibu.

Mungu akupe kinywa chepesi na safari njema ya kurudi kwako, na Mtakatifu Ana awaangalie watoto wako kama anavyowaangalia wa kwetu.

Sasa tunakaa, tunakusikiliza.

Ni sisi, waumini wa Kigango cha Mtakatifu Ana, Nyakisangi.