Mzee Naftaly Kihara, Aliyewajua Popo kwa Sauti

“Guka, kwani wewe huogopi?”

Mjukuu wake Wamuyu alimuuliza hivyo mwaka wa 2016, akiwa na miaka saba. Jua lilikuwa linatua, nao wamesimama kando ya stoo kuukuu ya ngano huko Njoro, popo wakichomoka chini ya mabati na kuwapita masikioni. Wamuyu alikuwa amejifunika kichwa kwa sweta. Mzee alimvisha tu hedifoni ya chombo chake cha kunasia sauti, akasema, “Sikiza kwanza.”

Mzee Naftaly Kihara alizaliwa tarehe 3 Machi 1954 Mai Mahiu, mtoto wa tatu wa marehemu Gathogo na marehemu Wangare. Alisoma huko huko hadi darasa la saba, kisha akaja Nakuru kujifunza kazi kwa fundi wa redio.

Mwaka wa 1981 aliajiriwa na chuo kimoja Njoro kutengeneza vyombo vya maabara. Watafiti wa popo walikuwa na chombo cha kunasa sauti ambazo sikio la binadamu halizipati. Kilipoharibika, ni yeye peke yake aliyekiweza, na tangu siku hiyo hawakumwachilia. Kuna popo wadogo kama kidole gumba ambao hata ukiwashika mkononi huwezi kuwatofautisha. Mzee aliwatofautisha kwa sauti. “Kila aina ina stesheni yake,” alikuwa akisema.

Mwaka wa 1998 alinasa sauti arobaini ndani ya stoo, akaandika majina ya aina zote vibaya, kwa sababu popo akiwa mahali pamebana hupandisha sauti. Ripoti ya watafiti ilikuwa imeshasifiwa. Alimwendea profesa wao mwenyewe: “Boss, nimekosea zote.” Baada ya hapo hakuandika jina lolote kabla ya kusikia pia vile popo wanavyoitana wao kwa wao, ile sauti nzito kidogo ya kutafutana.

Alifunga ndoa na Waithera tarehe 15 Desemba 1979. Waithera, cucu wa wajukuu wake, alizoea kumwambia, “Popo wote unawasikia, lakini mimi nikikuita chakula, huna masikio!”

Februari mwaka huu alianza kukohoa. Maneno yakazagaa mtaani kwake Kiamunyi: “Si ni wale popo? Amevuta hewa yao miaka arobaini, sasa imemrudia.” Hospitali ilimpima mara mbili, ikasema ni saratani ya mapafu, ugonjwa usioambukiza. Bado waliokuja kumwombea waliomba wakiwa getini. Aliyeleta maziwa aliyaacha juu ya ukuta, akaenda mbio.

Hata ndani ya nyumba hofu ilikuwamo. Wamuyu alikuwa akiosha kikombe cha guka kando, kwa maji ya moto, na kukianika dirishani peke yake. Jumapili moja ya Julai aligeuka akamkuta mzee mlangoni, ameegemea fimbo, anamtazama. Wamuyu hakulala vizuri wiki hiyo yote.

Mzee alifariki nyumbani Jumatatu, tarehe 11 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri. Leo, siku ya kumzika, pia wako waliosimama nje ya ua, na waliokataa kubeba jeneza. Familia haiwalaumu.

Ameacha mjane wake Waithera. Watoto wake Joan na Kahiga. Wajukuu Wamuyu, Jeff na Tabby. Na Simran, mwanafunzi wake wa mwisho, aliyemwachia ile hedifoni. Mungu ampe utulivu, na pumzi isiyo na kikohozi.

Siku sita kabla hajatuacha, Wamuyu alimpelekea chai. Alipiga funda yeye kwanza, kutoka kikombe kile kile, ndipo akampa. Mzee alicheka hadi akakohoa. Kisha akalijibu lile swali la miaka tisa.

“Naogopa, Wamuyu. Hata ile siku uliponiuliza kando ya stoo, niliogopa. Lakini ukiogopa kitu, sogea karibu kidogo, usikie ni nani.”