Mwalimu Mwongeli na Mbaazi za Alhamisi

Mwalimu Mwongeli Nzioka amefundisha katika chuo chetu hapa Kikima miaka thelathini na moja na miezi miwili, na Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, anastaafu. Kwenye ratiba ya sherehe amepewa dakika sita, kati ya wimbo wa kwaya na hotuba ya mwenyekiti wa kamati ya masomo. Dakika sita ni za kuchemsha yai. Kwa hivyo mengine nimeyaandika kwenye karatasi hii ambayo kila mtu amewekewa kitini, muisome mkingoja chakula.

Wengine watauliza kwa nini wasifu wa mwalimu umeandikwa na mpishi. Hata mimi niliuliza. Ofisi iliwaomba walimu watano, na wote watano wakawa na mitihani ya kusahihisha. Mimi shule niliachia darasa la sita, lakini katika jiko la chuo hiki nimekaa miaka ishirini na mitatu, na Mwalimu nimemwona karibu kila siku ya hiyo miaka. Niliambiwa niandike ukurasa mmoja, uwe wa furaha, na nisitaje mambo ya kamati. Furaha ipo. Kamati nimeitaja.

Alizaliwa Kanyangi, upande wa Kitui, kwa wakulima, akaja huku Makueni na sanduku la bati na digrii ya Kiingereza. Miaka tisa ya kwanza aliwafundisha walimu wa shule za msingi kuandika sentensi iliyonyooka. Wengi wao leo ni walimu wakuu, na mkiona barua imetoka shule fulani ikasomeka vizuri, mjue mkono wake ulipita hapo.

Mwaka 2003 alikuja mgeni kutoka Japani, profesa ambaye ujanani alijitolea kufundisha hesabu huku Mbooni na hakuwahi kusahau. Kwao anafundisha vitabu vya zamani vya Waingereza vya watoto, vile vya wanyama wanaosema na malkia wachawi na nchi ambazo haziko kwenye ramani. Alisema wanafunzi wake wanavisoma vizuri kwa macho ila kuvizungumzia wanaogopa, kwa sababu mbele ya Mwingereza kila mmoja anahisi anakosea. Akaomba waje kwetu, kila mwaka kuanzia mwezi wa nane hadi wa kumi na moja, wasome na mtu ambaye Kiingereza kwake pia ni lugha ya kujifunza. Mwalimu Mwongeli akakubali siku hiyo hiyo.

Sokoni walicheka. Muuza viazi mmoja aliniuliza, "Mtu atoke Japani aje Kikima kusoma hadithi za Waingereza, kwani huko Uingereza zimeisha?" Nilimwambia apime viazi.

Lakini ule mwaka wa kwanza hata mimi nilikuwa na wasiwasi. Walikuja wanane, wakubwa wa miaka ishirini, wenye adabu mpaka unaogopa. Chakula walikula chote, hata kama chumvi imezidi. Na darasani hawakusema neno. Mwalimu anauliza swali, anangoja, wanaangalia daftari. Wiki tatu. Alikuwa anakuja jikoni saa nne, anakaa kwenye kiti changu cha kamba na kusema, "Ndunge, hawa watoto wamejaa maneno mpaka hapa kooni, sijui nitafungua wapi."

Alhamisi moja msaidizi wangu alishikwa na uchungu wa kuzaa, na nilikuwa na magunia mawili ya mbaazi mbichi ya kumenya kwa watu mia tatu. Nilienda mpaka darasani, nikasimama mlangoni nikikaribia kulia. Mwalimu aliwaangalia wale wanane, akaniangalia mimi, akasema, "Bebeni vitabu, tunaenda."

Wakakaa kuzunguka meza yangu ndefu. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanamenya. Hadithi ilikuwa ya malkia aliyefungia upepo ndani ya chungu. Baada ya nusu saa hivi, msichana mmoja, Chinatsu, akasema bila kuinua macho kutoka kwenye mbaazi, "Mwalimu, mimi naona huyu malkia si mbaya. Anaogopa tu." Kijana wa kando yake akamwambia, "Anaogopa, na watu wake wanakufa kwa joto?" Basi wakawaka. Mpaka saa kumi walikuwa bado wanabishana, mbaazi zimeisha kitambo, wanamenya maganda matupu.

Tangu siku hiyo, kila Alhamisi saa nane, darasa la Mwalimu lilikuwa jikoni kwangu. Mbaazi zikiisha msimu, tulichambua maharagwe. Mwalimu aligundua kwamba mtoto wa Kijapani ukimwangalia usoni na kumuuliza, ananyamaza kwa heshima. Ukimpa mikono yake kazi na wote mkaangalia chini, anasema mpaka umkataze. Hiyo haikuandikwa kwenye kitabu chochote cha ualimu. Aliiona kwa macho yake, miaka ishirini na mitatu akaifanya.

Na hakuishia mezani. Kwenye hadithi kukiwa na uji, nilitumwa kupika uji. Mwaka mmoja walisoma habari za kiumbe anayelinda kisima na kumuuma anayechota bila kuomba, na wale wanafunzi wakasema hawaelewi maji yanalindiwa nini. Aliwapeleka kwao Kanyangi mwezi wa tisa, jua likiwa kali, wakashuka kwenye mto mkavu na kuchimba mchanga kwa bakuli. Walichimba mpaka mabegani. Maji yalipoanza kujaa pole pole pale chini, kijana mmoja akavua kofia. Jioni waliandika karatasi ambazo Mwalimu alinisomea jikoni, akitafsiri kwa Kikamba ili nisikose chochote. Nilisikia mto wetu ukisemwa vizuri kuliko ninavyouona mwenyewe.

Wanafunzi mia moja na themanini na wawili wamepita mikononi mwake. Chinatsu sasa ni mwalimu, na mwaka wa kumi na tano wa darasa hili alirudi kutuona na mtoto mgongoni, amemfunga kwa leso niliyompa. Wote huniita mwaitu, yaani mama, kwa sababu Mwalimu aliwaambia ndilo jina langu. Nilikuwa nikiwahesabia neti za mbu na kuwanusia maji ya kunywa kama wangu wa kuzaa. Mpaka leo sijampoteza hata mmoja.

Sasa niseme lile nililoambiwa nisiseme.

Mwezi wa tisa mwaka huu, siku ya Alhamisi, kamati ya masomo ilikuja kukagua. Bwana Mutiso, mwenyekiti, aliingia jikoni na watu wanne wa tai. Walikuta vijana kumi na wawili na aproni, na msichana amesimama na mwiko, akisema maneno ya mchawi kwa sauti ya mchawi. Bwana Mutiso akauliza, "Huyu anafanya nini?" Mwalimu akamjibu, "Anafanya mtihani." Wanafunzi walicheka. Nafikiri kile kicheko ndicho kilituponza.

Ripoti ilisema mambo matatu. Kwamba wageni wanafanywa vibarua wa jikoni. Kwamba watu wazima wa chuo kikuu hawawezi kupoteza muda na vitabu vya watoto. Na kwamba chuo kinachoanza siku kwa maombi hakiwezi kuweka vitabu vya uchawi. Kwa hivyo darasa lifungwe Mwalimu akistaafu, vitabu vitolewe maktaba kabla ya mwisho wa mwezi huu, na yule mwalimu kijana, Naila, ambaye Mwalimu Mwongeli amemwandaa miaka minne kushika nafasi yake, apelekwe kufundisha kuandika barua za ofisi.

Mimi nina hasira. Nimejaribu kuandika hili jambo kwa upole mara tatu, na mara tatu nimechana karatasi. Uchawi? Mwalimu Mwongeli ameongoza kwaya ya kina mama ya kanisa lake miaka kumi na tisa. Wengine wenu mmeketi hapa na ndiye aliyewafundishia watoto wenu Sunday school. Hakuna kati ya watu watano wa kamati aliyefungua hata kitabu kimoja. Hakuna aliyewauliza wanafunzi kama wamefanywa vibarua. Na baada ya kukagua, Bwana Mutiso alikula sahani mbili za mbaazi za wachawi, akaomba afungiwe chapati ya kwenda nayo. Nilimpakulia mwenyewe. Hilo najuta.

Nina hasira na nyinyi walimu pia, mliokuwa mnapita dirishani kwangu Alhamisi mkisimama kusikiliza, na siku ya kikao cha kamati mkawa na mitihani. Na nina hasira kidogo na wewe, Mwalimu wangu. Ulikuja jikoni na ile ripoti, ukakaa kwenye kiti cha kamba, ukaniambia, "Ndunge, mimi naenda nyumbani. Wewe bado una watoto wa kusomesha. Nyamaza." Nilinyamaza kwa sababu Kanini wangu yuko kidato cha tatu na sijui kazi nyingine. Nimelala vibaya tangu hapo. Ungenikaripia, ungelia, ningekuelewa. Kamati uliiomba kitu kimoja tu, darasa lisife, na ukaomba kwa upole kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Basi hii ndiyo zawadi yako ya kustaafu, kwa sababu ile saa ya ukutani ya ofisi utapewa na utaiona.

Jumanne wiki jana vitabu vilitolewa maktaba, mia mbili na kumi na vinne, vikaachwa kwenye maboksi hapo nje, mawingu yakiwa yametanda. Karatasi ya kamati inasema vitolewe maktaba. Haisemi viende wapi. Mimi na wasichana wa jikoni tulivibeba. Viko stoo ya chakula, juu ya rafu, mbali na panya, na paka nimemhamishia huko. Funguo ya stoo huwa ninayo mimi peke yangu, kwa kazi yangu, na leo iko kiunoni. Anayevitaka aje aseme anataka unga.

Naila atafundisha barua za ofisi siku zote alizopangiwa. Alhamisi saa nane hana kipindi. Ameniambia hiyo saa atakuwa anakuja kunisaidia kumenya mbaazi, na kwamba profesa ameandikiwa na amejibu: mwezi wa nane wanakuja kumi na wanne. Kamati inaweza kufuta darasa kwenye ratiba. Jikoni hakujawahi kuwa kwenye ratiba. Kama nitafutwa kazi kwa haya, nifutwe mbele yenu wote mliokula kwangu, na mkate wa kungojea chakula mnaoushika sasa hivi muuweke chini kwanza.

Asante, Mwalimu, kwa miaka thelathini na moja. Asante kwa watoto wa watu uliowafungua midomo, na kwa mimi uliyekuwa unanisomea kana kwamba nilipitia chuo. Nenda Kanyangi upumzike. Kunywa dawa yako ya presha na chakula, si na chai kavu, maana nakujua. Mungu akupe siku nyingi, zote ziwe hazina kamati. Na ikifika Alhamisi saa nane, popote utakapokuwa umekaa, ujue mmoja anasoma na wengine wanamenya.

Ndunge wa Muli, Jikoni.
(Amenipigia taipu Naila. Alirekebisha nukta tu.)