Hatamu ya Wilf

Saa nne asubuhi, kundi la mwisho la farasi wa mashindano lilikwisha kupita pale Middleham, mji mdogo wa Uingereza, likiacha mvuke na samadi barabarani. Kwenye benchi la mbele ya duka la mikate, Wilf Metcalfe, mpanda farasi mstaafu, alikuwa ameweka simu gotini kama kitu kinachouma. Binti yake Hazel alikuwa amemwandikia: "Baba, hupokei simu. Sasa nakukazia hatamu. Jumamosi naja na maboksi, unahamia kwangu Leeds."

— Anikazie hatamu mimi! — alifoka Wilf. — Mimi niliyepanda miaka arobaini!

— Hiyo sifa, bwana, — alisema Clifford, fundi wa viatu vya farasi waliyemwita Kwato, akimimina chai ya chupa. — Nani anamkazia punda mzembe? Anakaziwa mwenye moto.

— Sifa wapi! — alidakia Ernest, Profesa wa benchi, ambaye shule aliikimbia. — Msemo huo ulianza kwa askofu. Alisinzia, gari lake la farasi likazama mtoni na kwaya nzima.

— Mwaka jana ulisema watawa, — alisema Kwato.

— Kwaya na watawa! Toka siku hiyo mkewe akazifunga hatamu kwenye kidole gumba cha mguu wa mumewe. Hata kanisani!

Simu ililia. Hazel. Wilf aliiacha ilie mpaka ikachoka.

— Ya tatu leo, — alisema. — Akivuta, na mimi navuta.

— Wewe! — alisema Kwato. — Farasi akivuta, ulikuwa unamfanyaje?

— Namlegezea. Akikosa wa kushindana naye, anatulia. Nani asiyejua?

Joyce, mleta barua mpya, alikuwa amesimama na bahasha zake, akisikiliza.

— Samahanini wazee, mimi farasi siwajui. Kati ya baba na binti, hapo farasi ni nani?



Wilf akaichukua simu gotini, akabonyeza namba ya Hazel.

— Baba! Umeanguka?

— Sijaanguka. Nimekupigia tu. Umeshakunywa chai?



— Baba, umeanguka wapi?

— Nipo kijiweni, mwanangu, na wajinga wawili. Nitakupigia kila asubuhi, farasi wakishapita.

Huko Leeds mtu alivuta kamasi.

— Basi Jumamosi nakuja bila maboksi. Lakini nakuja.

— Njoo, — alisema Wilf, na hakukata simu mpaka alipokata Hazel.