Mnyonya Damu Apiga Hodi

Ngo, ngo, ngo! Kiti changu cha treni kiligongwa kwa nyuma, kisha nikasikia sauti ya msichana: "Hivyo ndivyo mnyonya damu wa hadithi yangu anavyobisha, mama. Haingii mpaka akaribishwe."

Mama aliyekaa naye, fundi cherehani mwenye sindano kifuani, alicheka mpaka abiria wa behewa zima wakageuka kumtazama. "Basi tumekwisha, mwanangu! Sisi mtu akipiga hodi, tunasema karibu kabla hatujamwona."

"Weee! Basi bibi mwenye nyumba anamkaribisha kwa mazoea! Hadithi imepona!" Kumbe msichana alikuwa anaipeleka hadithi hiyo redioni, ambako mhariri alishaikataa safari moja akisema ni ya kuiga. "Akiingia tu, anamng'ata!"

"Thubutu! Mgeni haanzi kula kabla ya salamu. Bibi atamuuliza habari za nyumbani, za mama, za shangazi, mpaka jua limkute kitini limuunguze."

Mimi mtunga mashairi, sikuombwa maoni. Nilijibana kwa wivu.

"Lakini mhariri anataka damu, mama."

"Ajidunge. Sindano hii hapa."

Treni ikasimama. Msichana akateremka mbio, kisha akarudi dirishani akihema: "Mama! Hata mhariri akinifukuza, nakuahidi, bibi hafi!"