Grouchy Hakufika Waterloo

Ndani ya basi la jijini liendalo stesheni ya Waterloo, Mkongomani mmoja mwenye tai ya usaili, Zéphyrin, alikuwa akimtetea Grouchy, jemadari wa Kifaransa ambaye hakufika kumwokoa Napoleon vitani Waterloo. Ungedhani ni mjomba wake. "Mama, Napoleon alimuambia afuate maadui Waprusia, naye akawafuata. Askari ni amri!"

"Mizinga ya Waterloo aliisikia, hakuisikia?" aliuliza Bi Ummukulthum, Mzanzibari aliyepakata mfuko wa mihogo kama mjukuu.

"Aliisikia."

"Na asende? Amri bila akili ni utumwa, mwanangu."

"Alipigana vizuri miaka makumi mbili, munakumbuka siku moja tu!" Akaivuta tai yake. Mimi niliyekaa nyuma yao nilishuku naye ana siku yake moja mbaya, kazini alikotoka.

Kufika kituo cha Trafalgar, dereva akatangaza kwamba safari imeishia hapo. Ameamriwa na ofisi. Zéphyrin akaruka kitini. "Waterloo ni pale tu, ng'ambo ya daraja! Usaili wangu ni saa kumi! Huyu hana akili yake mwenyewe?"

Bi Ummukulthum akajitwika mihogo yake, akashuka wa kwanza. "Usimwonee, mwanangu," alisema. "Askari ni amri."